Somo: Kuhamisha pesa za wazee kutoka benki hadi simu, bila kupoteza hata mwezi mmoja

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Amu (Lamu), Pate, bara na visiwani. Tangu wiki iliyopita nimeulizwa swali moja barazani, sokoni na hata hitimani: pesa za Inua Jamii, ule msaada wa kila mwezi wa serikali ya Kenya, zikihama kutoka akaunti ya benki kuja M-Pesa, mzee wetu afanye nini? Nimeona niliandike mara moja, polepole, ili kila mwenye mzee nyumbani akae naye mkekani wafuatane hatua kwa hatua.

Kiwango ni kile kile, shilingi 2,000 kwa mwezi, na zikilimbikizwa miezi miwili huja 4,000. Wanaopata ni wale wale: wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa, nyumba zinazolea yatima, na watu wenye ulemavu mkubwa. Kinachobadilika ni njia ya pesa kumfikia mwenyewe. Na kwetu njia ndiyo yenye mambo. Mzee wa Faza akitaka benki ya Amu huamka kabla ya alfajiri, boti isubiri maji yajae ipite mlango wa bahari wa Mkanda, afike apange foleni, kisha kidole kikataliwe na mashine. Yamempata bibi yangu. Amesuka mikeka ya miyaa tangu hajavunja ungo, na gumba lake limekuwa laini, mistari yote imefutika. Nilikuwa nimemshika mkono kwa wakala mmoja wa benki. Akalipangusa gumba kwenye leso, akalibandika, ikakataa. Akalipaka mafuta kidogo, ikakataa. Mara ya tano akaambiwa arudi kesho. Alitoka akiutazama mkono wake kana kwamba ndio uliomkosea.

Kwa hiyo mimi nayataka mabadiliko haya kwa moyo wote. Ila simu nayo ina mitego yake, na mitego hiyo haiko kwenye mashine, iko kwetu sisi watu wa nyumbani.

HATUA YA 1: SOMA KITAMBULISHO HERUFI KWA HERUFI

Chukua kitambulisho cha asili, si kopi. Andika jina kwenye daftari kama lilivyoandikwa, hata kama limeandikwa vibaya. Pwani majina yetu yameteswa sana na kalamu za maofisi: Fatma anakuwa Fatuma, Athman anakuwa Athumani, Mwanaisha anakatwa vipande viwili, Binti anageuka Bint. Mzee anaitwa hivi mtaani, vile kwenye kitambulisho, na jina la tatu kwenye laini aliyosajiliwa na kijana wa duka miaka mingi iliyopita. Mfumo haumjui mzee wako kwa sura. Unajua namba ya kitambulisho na herufi.

HATUA YA 2: LAINI IWE YAKE

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wataumia.

Weka laini ya mzee kwenye simu yoyote, piga *106#, ufuate maelezo. Utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho kilichosajili laini hiyo. Kisha mtumie shilingi 10 kwa M-Pesa kutoka simu yako. Kabla hujathibitisha, jina la mpokeaji litatokea. Je, ni jina lile uliloandika kwenye daftari? Au limetokea jina la mjukuu, la mkwe, au la mtu msiyemjua kabisa? Nimesaidia wazee ambao laini waliyoitumia miaka yote ilikuwa kwa jina la mtoto aliyehamia Mombasa. Pesa zikiingia humo, zimeingia kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Jina likiwa si lake, mnunulie laini mpya, asajiliwe mwenyewe, yeye akiwa pale na kitambulisho chake mkononi. Laini haina gharama kubwa. Usimpeleke mzee akasajiliwe kwa kitambulisho chako "kwa haraka tu". Haraka hiyo itakugharimu miezi.

Na liko jambo la deni. Mwenye Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa, akiwa anadaiwa, pesa yoyote inayoingia M-Pesa yake hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Haiulizi kama ni pesa ya mzee au ya samaki. Mwaka mmoja tuliwahi kumtumia bibi pesa za Idi kupitia simu ya binamu yangu. Binamu alikuwa na deni, na aliona haya kusema. Ziliingia, zikaliwa zote, na bibi alisubiri siku tatu akidhani tumemsahau. Hakuna aliyekusudia kumwibia. Ndiyo maana nasema laini iwe yake, na hata ikiwa yake, kijana asimfungulie mkopo wowote humo.

HATUA YA 3: NAMBARI YA SIRI

Nambari nne, azichague mwenyewe. Isiwe mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho, maana vitu hivyo viwili hutembea pamoja kwenye mfuko mmoja. Isiandikwe nyuma ya simu.

HATUA YA 4: PELEKA NAMBA KWA AFISA

Namba ya simu inapelekwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, na kwa kawaida chifu au naibu wake ndiye anayetangaza siku ya kuandikisha. Nenda na mzee, kitambulisho, kadi ya benki ya zamani na simu yenyewe ikiwa imewashwa. Afisa akishaandika, mwombe kwa adabu akusomee namba alizoandika, moja moja. Halafu muombe aipige pale pale. Simu ikilia mkononi mwa mzee, mmemaliza. Isipolia, kuna tarakimu imekosewa, na bora mlijue hapo kuliko baada ya malipo.

Uandikishaji huu ni bure. Mtu akikudai chochote cha "kuharakisha", usimpe.

HATUA YA 5: KADI YA ZAMANI USIITUPE

Nenda benki au kwa wakala wake, uliza salio, toa kilichobaki. Huenda kuna malimbikizo ya nyuma yaliyoingia huko huko. Iweke kadi mahali salama mpaka malipo mawili yapite kwenye simu. Mtu akishakata kadi kwa mkasi halafu namba yake ya simu ikawa na kosa, hana huku wala huko.

HATUA YA 6: SIKU PESA ZIKIINGIA

Meseji ya kweli hutoka kwa MPESA, si kwa namba ya mtu. Usiamini meseji peke yake. Piga *334#, angalia salio. Andika kwenye daftari tarehe na kiasi.

Si lazima kutoa zote siku hiyo. Pesa iliyo kwenye simu haiozi. Siku ya malipo wazee wote wa kijiji huenda kwa wakala mmoja, pesa taslimu humwishia, na wengine hukaa juani bure. Nenda siku ya pili au ya tatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Matondoni: Wa alaykum salaam. Mama yangu hana simu na hataki simu. Nisitumie tu namba yangu?

Jibu: Simu inaazimwa, mamangu, laini haiazimwi. Mnunulie laini yake, isajiliwe kwa jina lake, uiweke kwenye simu yako ya laini mbili. Au iwekwe kwenye karatasi ndani ya pochi yake na iingizwe simuni mara kwa mara. Muhimu isikae miezi mingi bila kutumika, ikazimwa. Mara moja kwa wiki iingize, mpigie mtu akiwa naye.

Kijana wa Langoni: Bibi hasomi na macho yamefifia. Hiyo nambari ya siri ataibonyeza vipi? Si lazima niijue mimi?

Jibu: Si lazima, na nakuomba usikate tamaa mapema. Mtafutie kabambe ya vitufe, si simu ya kupangusa. Kitufe cha 5 kina kinundu kidogo. Mwekee kidole hapo. Juu yake ni 2, chini ni 8, kushoto 4, kulia 6. Bibi yangu alijifunza kwa kugusa, kama anavyoshika miyaa gizani. Tulifanya mazoezi ya kuangalia salio tu, asubuhi na jioni, wiki nzima. Alikosea mara mbili nikamwambia aache, kwa sababu ya tatu ingefunga. Siku aliyofaulu peke yake alinirudishia simu huku akitabasamu, akasema, "Nitokee nje, nataka kuangalia pesa zangu." Nikatoka.

Akishindwa kabisa, basi achague mtu mmoja yeye mwenyewe, mbele ya watu wa nyumbani, na kila matumizi yaandikwe kwenye daftari.

Mwanachama wa Faza: Dada, makato je? Benki tulikuwa hatukatwi namna hii.

Jibu: Swali zuri. Kwa bei ninazozijua, kutoa 2,000 kwa wakala hukatwa 29. Kutoa 4,000 kwa mkupuo hukatwa 69. Kwa hiyo ukitoa 2,000 mara mbili, utakatwa 58. Shilingi 11 ni chumvi na kiberiti. Njia bora zaidi: duka likiwa na till, yaani namba ya duka ya Lipa na M-Pesa, nunua mchele na unga moja kwa moja. Mnunuzi hakatwi kitu. Halafu weka na nauli ya boti kwenye hesabu. Mtu wa Faza aliyekuwa akija Amu kwa ajili ya benki tu, hata akikatwa 69, bado amebaki na kingi.

Mama wa Kiunga: Baba yangu amelala kitandani mwaka wa pili. Wanasema aletwe mwenyewe. Nimbebe?

Jibu: Pole sana, dada yangu. Usimbebe. Nenda kwa naibu wa chifu na kitambulisho chake na chako, ueleze hali, uombe afisa aje nyumbani au uandikishwe rasmi kama mlezi wake. Neno muhimu ni "rasmi". Mlezi asiye kwenye orodha hana nguvu yoyote siku pesa zikikwama. Ukiwa na barua ya hospitali kuhusu hali yake, ibebe.

Mwanachama wa Mpeketoni: Shangazi alipigiwa simu: "Mimi ni wa ofisi ya wazee, pesa zako zimeingia mara mbili, rudisha 4,000 na unitajie nambari ya siri nikurekebishie." Alikuwa karibu kurudisha.

Jibu: Mwambie shangazi amefanya vizuri kusita. Hao ni wezi na wanajua siku za malipo kama tunavyozijua sisi. Hakuna afisa wa serikali wala wa simu anayehitaji nambari yako ya siri, hata kwa dakika moja. Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000 tu. Wazee wafundishwe sentensi moja ya kujibu: "Ngoja nimuulize mwanangu," kisha wakate simu. Mzee wetu ana adabu, anaona vibaya kumkatia mtu maneno. Mpe ruhusa ya kukata.

Mwanachama wa Siyu: Babu yetu alifariki mwezi uliopita, Mungu amrehemu. Mfumo ukihamia simu, pesa zake zitaendelea kuingia kwenye laini yake?

Jibu: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mpe pole bibi. Peleka kibali cha mazishi au cheti cha kifo pamoja na kitambulisho cha babu kwa chifu, jina liondolewe. Chochote kitakachoingia baada ya kifo msikitoe kwa nambari yake ya siri, hata kama mnaijua na hata kama njaa inauma. Kama bibi naye ametimiza 70 na hajaandikishwa, mwulizeni afisa siku hiyo hiyo lini kutakuwa na uandikishaji mpya. Msirudi nyumbani kabla hamjauliza hilo.

Mwanachama wa Kizingitini: Jirani zangu wamepata, mamangu hajapata. Namba tuliisoma mara mbili kwa afisa. Tufanye nini?

Jibu: Kwanza angalieni salio la benki ya zamani, maana wengine huhamishwa kwa awamu na pesa huenda zimepita njia ya kale mara ya mwisho. Kama hazipo, pigeni 1533, namba ya bure ya Inua Jamii, mkiwa na namba ya kitambulisho cha mama, namba ya simu mliyoandikisha, na tarehe ya malipo ya mwisho aliyopata. Andikeni jina la aliyewajibu na siku mliyopiga. Bila majibu ndani ya wiki mbili, mrudi kwa afisa na daftari hilo hilo.

Wanaokuja Amu Jumatano, mimi nipo barazani baada ya alasiri. Njooni na kitambulisho, na simu iwe na chaji.