Kabla ya kumwamini Tacitus, uliza alikuwa wapi

Hadithi ya Nero, kaisari wa Roma, kupiga zeze mji wake ukiungua niliimeza nzima, nikaisimulia miaka mingi kwa majidai. Siku moja nikawaweka wanahistoria watatu wa kale wa Roma, Tacitus, Suetonius na Cassius Dio, mezani kwa pamoja, nikaona aibu. Tangu hapo nina utaratibu wangu.

Kwanza piga hesabu ya umri. Moto ulizuka Julai mwaka 64 BK. Tacitus alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Suetonius hakuwa amezaliwa. Cassius Dio aliandika karne ya 3, na sehemu hiyo tunaisoma kupitia muhtasari wa mtawa Xiphilinus, wa karne ya 11! Wote watatu wanaandika walichosimuliwa.

Halafu wasome sambamba, ukipigia mstari kila panapotajwa mahali. Kwa Tacitus, moto ulipoanza Nero alikuwa Antium, mji wa pwani nje ya Roma. Habari za kuimba kuanguka kwa Troya, mji wa hadithi za Wagiriki, kwenye jukwaa la nyumbani kwake anazitaja, ila anasema wazi ni uvumi. Kwa Suetonius uvumi umeshaota miguu: Nero yuko kwenye mnara wa Maecenas, humo humo Roma, amevaa nguo za maigizo. Kwa Dio amepanda paa la kasri, kavaa kama mpiga kinubi. Lisemwalo lipo, ndiyo, lakini hapa ninachokiona kipo bila ubishi ni moto. Zeze sijalikuta kwa yeyote.

Tafuta pia sentensi inayomwendea kinyume mwandishi mwenyewe. Tacitus alikuwa seneta, na hakumpenda Nero hata kidogo. Bado anaandika kwamba Nero aliwafungulia bustani zake waliounguliwa nyumba, akashusha bei ya nafaka hadi sesterti 3, sarafu za Kirumi, kwa kipimo. Mstari huo kwangu una uzito kuliko kurasa kumi za lawama.

Kwenye hotuba, tahadhari zaidi. Mwaka 48 Claudius, kaisari aliyemtangulia Nero, aliwaomba maseneta wawapokee barazani mwao wakuu wa Galia (Ufaransa ya leo). Kwa Tacitus hotuba ni fupi, imenyooka. Lakini mwaka 1528 bamba la shaba lenye hotuba yenyewe lilipatikana Lyon. Humo Claudius anazunguka kwa wafalme wa kale, anapotea, mpaka anajikatiza kwa jina lake mwenyewe: wakati umefika uwaonyeshe maseneta hotuba yako inaelekea wapi. Tacitus kaufyeka karibu mzunguko wote huo. Kwa hiyo mimi huchukua hoja tu; maneno namwachia Tacitus.