Banisha nota kabla ya kupiga

Walimu wa kwaya mnaopiga kinanda cha MIDI ili kompyuta iandike nota: kabla ya kurekodi, weka kwantaizi (kipimo ambacho programu hutumia kubana nota kwenye pigo) kwenye nota fupi kuliko zote zilizomo kwenye wimbo, mara nyingi nusu pigo, kisha washa metronomu, mlio unaohesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Vidole havitui sawasawa na pigo, na programu huandika kila kuchelewa, ukurasa ukajaa vipumziko ambavyo hakuna mwanakwaya atakayevisoma. Ukizibana nota kwa kwantaizi, programu inazivuta hadi nusu pigo iliyo karibu. Piga sauti moja moja, soprano kwanza. Kwenye tripleti (nota tatu ndani ya pigo moja) kwantaizi hiyo inaharibu, kwani nota tatu haziingii kwenye nusu mbili. Hapo badilisha kipimo cha kwantaizi. Ukipiga bila kufuata metronomu, usitarajie chochote.