Kuta zisiinamiane kwenye picha

Unapopiga picha ya jengo la kale kama Boma la Arusha, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900 na ambalo leo ni makumbusho, usiinue kamera ya simu kuelekea paa, bali ishike wima kabisa, rudi nyuma hadi jengo zima liingie, kisha ukate ardhi iliyozidi upande wa chini. Simu ikilazwa nyuma haiwi tena sambamba na ukuta, hivyo sehemu ya juu hutokea ndogo kuliko msingi na kuta huonekana zikiinamiana. Washa mistari ya miraba kwenye kioo, ulinganishe mmoja na ukingo wa mlango. Mbinu hii hushindwa palipobana. Hapo ni heri kupiga dirisha moja vizuri, pamoja na bawaba zake.