Daftari Lisomwe Mbele ya Wote: Namna ya Kuongoza Kikundi cha Biashara Kinachoanza

Kijana anayetaka kuanza biashara Unguja au Pemba huuliza kwanza mtaji atautoa wapi. Suala hilo lina uzito wake, lakini katika vikundi vya sabuni, viungo na mwani nilivyokaa navyo, kilichovunja ushirika mara nyingi hakikuwa uchache wa fedha, bali ni wanachama kutojua fedha iliyokuwepo imekwenda wapi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naongeza kwamba daftari linalosomwa na mtu mmoja tu lina upungufu ule ule.

Anza, basi, kwa kununua daftari kubwa la mistari. Kila siku andika tarehe, kilichoingia, kilichotoka na jina la aliyepokea, kisha mpokeaji atie saini. Chagua siku moja ya wiki, kwa mfano Ijumaa baada ya sala ya alasiri, daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, wakiwemo wasiojua kusoma. Fedha taslimu ziwekwe katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake wakae nazo watu watatu wasiolala nyumba moja. Utaratibu huu vikundi vya kuweka na kukopa wanautumia miaka mingi, nao humlinda hata mweka hazina mwaminifu, kwa kuwa hakuna atakayeweza kumsingizia.

Hatua inayofuata ndiyo inayowaangusha wengi: kupanga bei. Tuseme kikundi kinatengeneza vipande 100 vya sabuni ya mwani. Mafuta ya nazi yamegharimu shilingi 60,000, mwani uliosagwa 10,000, kostiki soda 8,000, mafuta ya karafuu 12,000, karatasi na lebo 20,000. Jumla ni 110,000, na anayeanza huona kwamba kila kipande kimemgharimu 1,100, akauza 1,500 na kufurahia faida ya 400. Lakini watu watatu wamefanya kazi siku mbili, na kila mmoja alistahili angalau 10,000 kwa siku, ambayo ni 60,000. Nauli ya kupeleka mzigo mjini ni 10,000 nyengine. Gharama ya kweli ni 180,000, yaani 1,800 kwa kipande. Kila kipande anachouza kinampunguzia 300, na anayelipa pengo hilo ni mwanamke aliyekoroga sabuni siku nzima bila ujira. Kiongozi asiyehesabu jasho la wenzake anawadhulumu, hata kama hakukusudia.

Panga pia kalenda kwa kufuata bahari na misimu. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, wakulima wamekuwa wakifuata bamvua, maji yanapotoka mbali. Ukiitisha mkutano asubuhi hizo, hutampata mtu. Mwezi wa Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha, watalii hupungua, kwa hiyo akiba ya kulipia wafanyakazi miezi hiyo lazima itengwe wakati wageni wapo wengi. Pemba, fedha huzunguka zaidi msimu wa karafuu, na deni lililokopeshwa nje ya msimu huo huchukua muda kurudi.

Kuhusu deni nina la kusema, kwa sababu duka langu la kwanza, Chake Chake, lilifungwa kwa ajili yake. Niliona haya kuwakatalia jamaa, nikawapa mchele na mafuta kwa ahadi, mpaka rafu zikabaki tupu na mimi nikawa nakwepa kukutana na watu niliowapenda. Siku hizi nawafundisha vijana kusema mapema, kwa upole na bila kupepesa macho: “Ami, bidhaa hizi si zangu peke yangu, ni amana ya wenzangu, nikikupa bila fedha, nitakuwa nimechukua kisicho changu.” Ukitaka kumsaidia jamaa, na ni wajibu kumsaidia, toa katika ujira wako, uandike umelipa wewe.

Usajili haupaswi kukutisha. Zanzibar jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, si katika ofisi za Bara, na ubora wa bidhaa husimamiwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS. Nenda mapema, kabla hujachapisha lebo.

Lililobaki ni siku ya kwanza ya kusoma daftari, ambayo kila mtu atakutazama. Ikiwa umechukua hata kipande kimoja cha sabuni kwa matumizi ya nyumbani, kiandikwe, na mstari wa kwanza kusomwa siku hiyo uwe wenye jina lako.