Mboga ya Kigoma katika Jiko la Ughaibuni

Mwenyeji wa Kigoma anayeishi Ulaya au Marekani hahitaji kuagiza vitu vingi kutoka nyumbani ili ale chakula cha kwao kila siku, kwa kuwa vitunguu, nyanya, pilipili, maharage na ndimu havikosekani huko. Vinavyodai uangalifu ni vitatu: dagaa, mawese na unga wa muhogo. Akivipata vilivyo bora na akajua kuvitunza, anaweza kurudi kazini jioni na kuandaa mlo kamili kwa muda usiozidi saa moja.

Dagaa ndio wa kwanza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, hasa wakati wa giza, kisha huanikwa juani, ama juu ya mchanga wa ufukweni ama juu ya chanja. Unapomwagiza ndugu akununulie mwaloni Kibirizi au sokoni Mwanga, mjini Kigoma, mwombe achague waliokaushwa juu ya chanja, kwa sababu hawana mchanga, na anunue wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, maana wanaoanikwa wakati wa mvua hukauka kwa shida. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha na huvunjika kwa vidole. Aliyegeuka kahawia mafuta yake yamekwisha kuharibika, na uchungu wake hauondolewi na kiungo chochote. Wakikufikia, wagawe katika mifuko midogo isiyopitisha hewa na uwaweke kwenye friza.

Kwa familia ya watu wanne, chukua vikombe 2 vya dagaa, utoe vichwa, kisha uwaloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache. Usimwage maji pamoja na dagaa kwenye chujio. Watoe kwa mkono kutoka juu, ili mchanga ubaki chini ya bakuli, na urudie mpaka maji yawe safi. Wakaushe kwa kitambaa, uwatandaze kwenye sinia na uwaweke ndani ya oveni yenye joto la nyuzi 150 za Selsiasi mpaka wawe wakavu tena na waanze kulia wakiguswa. Njia hii naipendelea kuliko kuwakaanga, hasa kwa anayekaa kwenye nyumba ya ghorofa, kwa sababu harufu haisambai sana kwa majirani. Kisha kaanga kitunguu 1 kikubwa kwa vijiko 3 vya mawese, tia nyanya 3 zilizokatwakatwa na pilipili, acha zirojeke kabisa, ndipo uwatie dagaa na nusu kikombe cha maji. Dakika 10 za moto mdogo zinatosha. Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua.

Pasipo dagaa wa Kigoma, wapo wa baharini wanaouzwa katika maduka ya Waasia. Hao kwa kawaida huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kukaushwa, kwa hiyo waloweke zaidi na usitie chumvi kwenye mchuzi mpaka umeonja.

Mawese yanayofaa ni mekundu. Yaliyosafishwa viwandani na kuwa meupe hayana rangi wala ladha tunayoitafuta. Maduka ya Wakongo na ya watu wa Afrika Magharibi huwa nayo, na Wabrazili huyauza kwa jina la dendê. Yakiganda wakati wa baridi hayajaharibika; tia chupa kwenye maji ya moto yayeyuke. Usiyaache jikoni mpaka yatoe moshi, kwa kuwa moto mkali huua wekundu wake, na wekundu huo ndio unaotupatia vitamini A.

Kijiko kimoja cha mawese hubadilisha kabisa sufuria ya maharage. Maharage ya kopo yamekwisha iva, hivyo ni ya kuunga tu. Ukinunua makavu mekundu, yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, na uyachemshe kwa moto mkali usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yana sumu ambayo chungu cha umeme cha kupikia polepole hakiwezi kuiondoa.

Kisamvu hupatikana kikiwa kimetwangwa na kugandishwa, mara nyingi kwa jina la pondu au saka-saka. Hiki nacho kisiharakishwe: majani mabichi ya muhogo yana sumu, kwa hiyo yachemshe bila kufunika sufuria kwa saa moja hivi, ndipo utie mawese na karanga zilizosagwa. Pika kingi siku ya mapumziko, ukigandishe kwa sehemu ndogo za kutosha mlo mmoja mmoja.

Kwa ugali, soma vizuri mfuko wa unga. Wanga wa muhogo uliochujwa utakupa gundi, na unga wa Kibrazili uliokaangwa una chembechembe. Unaotakiwa ni unga wa muhogo mkavu uliosagwa wote, ule ambao Wakongo hupikia fufu. Usonge kwa nguvu maji yakiwa yanachemka, na usimame nao mpaka uive na kuvutana.

Kuhusu mizigo, Umoja wa Ulaya humruhusu msafiri kuingia na samaki hadi kilo 20 kwa matumizi yake mwenyewe, lakini nyama na maziwa kutoka Tanzania haviruhusiwi. Nchi nyingine zina sheria zake, na ni vyema kuzisoma kabla ya kufunga begi. Mawese yatiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki, yafungwe kwa mifuko miwili, na yawekwe kwenye begi linalokaguliwa na kupakiwa chini, kwani viwanja vingi vya ndege bado havikubali kimiminika kinachozidi mililita 100 katika mzigo wa mkononi.