Kujenga bawa la balsa lililonyooka

Bawa la ndege ya mfano, la balsa (mti mwepesi sana), likikauka limepinda, ni vigumu sana kulinyoosha. Ndiyo maana natumia muda mwingi zaidi kuchagua na kupanga mbao kuliko kupaka gundi. Bawa la leo lina milimita 1,200 kutoka ncha hadi ncha na upana wa 180, na kila ubavu, yaani kipande kinacholipa bawa umbo lake kutoka mbele hadi nyuma, ni wa umbo liitwalo Clark Y. Umbo hili lina zaidi ya miaka 100, na bado nalipenda kwa anayeanza: kuanzia karibu theluthi ya mbele kwenda nyuma, tumbo lake ni bapa, kwa hiyo mbavu zinalala mezani zenyewe.

1. Pima mbao. Balsa nyingi hutoka Ekuador, na vibao viwili vya kipimo kimoja vinaweza kupishana uzito hata mara mbili. Tumia mizani ya jikoni. Kwa mbavu nachukua kibao cha milimita 1.5 × 100 × 1,000 chenye gramu 15 hadi 18. Kielekeze kwenye mwanga: ukiona madoa yanayometameta kama magamba ya samaki, na kibao kikikataa kukunjika kwa upana, hicho ndicho. Kinachojikunja kama karatasi kiweke kando. Vijiti vizito na vigumu vya 6 × 6 viwe boriti, yaani mihimili inayopita ndani ya bawa kuelekea nchani.

2. Mbavu. Chonga violezo viwili vya plaiwudi. Kata vipande 22 vya balsa, nyuzi zikifuata urefu wa ubavu, uvibane kwa boliti mbili katikati ya violezo. Piga msasa furushi zima mpaka uguse plaiwudi. Milimita 54 kutoka mbele, juu na chini, chonga kwa tupa nafasi ya boriti. Boriti iingie kwa kusukumwa na kidole. Ikihitaji kugongwa, ubavu utapasuka.

3. Mezani. Tandika mchoro juu ya ubao ulionyooka kweli, kisha nailoni angavu ili gundi isishike karatasi. Bana boriti ya chini kwa pini za pembeni, usiitoboe. Simamisha mbavu 11 za upande mmoja, kila milimita 60, ukikagua kila moja kwa guni. Ubavu wa shinani, pale nusu mbili zitakapoungana, uinamishe nyuzi 5 (digrii) kuelekea nchani. Weka boriti ya juu, kijiti cha ukingo wa mbele na cha ukingo wa nyuma. Natumia gundi nyeupe ya mbao, kwa kuwa inanipa muda wa kurekebisha. Acha usiku kucha. Sisi wa pwani, wenye unyevu, tusiharakishe hapa.

4. Ukuta wa boriti. Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Kati ya boriti ya juu na ya chini, ziba kila nafasi kwa kipande cha balsa ya 1.5 *chenye nyuzi zilizosimama wima*. Ndege ikiinuka, boriti ya chini inavutwa na ya juu inabanwa. Bila ukuta, ya juu hubenuka na kukatika. Bawa langu la tatu lilikunjika angani nilipoiinua ndege kutoka kwenye mteremko mkali. Nilipookota vipande, kuta zote zilikuwa zimepasuka kwa mlalo, kufuata nyuzi nilizokuwa nimezilaza. Anza shinani, na kila kipande kikae bila mwanya.

5. Kuunga. Laza nusu moja, inua ncha ya nyingine milimita 104. Hapo kila upande unapata nyuzi 5, zinazotosha ndege inayogeuzwa kwa usukani wa mkiani pekee. Unga kwa plaiwudi ya milimita 3 iliyokatwa umbo la V, inayofika ubavu wa pili kila upande, kwa epoksi ya dakika 30.

6. Kufunika. Piga msasa laini, futa vumbi, kisha bandika plastiki ya kupiga pasi, chini kwanza. Simama nyuma ya bawa, ufumbe jicho moja. Ukingo wa nyuma ukionekana umejipinda, usogeze upande wa pili kupita kidogo pale unapoutaka, mwenzako apitishe pasi juu na chini, nawe uushikilie mpaka plastiki ipoe. Kila ncha iishie na ukingo wa nyuma ulioinuka milimita 3, pande zote mbili sawa. Kwa hiyo ndege ikipungukiwa mwendo, ncha haitaanguka kabla ya shina.