Jinsi ya Kujifunza Ala ya Pili ya Muziki

Anayejua kupiga ala moja haanzi sifuri anaposhika ya pili, kwa kuwa kuhesabu mapigo, kusoma nota na kutambua sauti iliyopotoka ni ujuzi anaohama nao. Kisichohama ni mazoea ya vidole, midomo na pumzi, na hapo ndipo penye kazi.

Chukua mpiga piano anayehamia gitaa. Kwenye piano kila sauti ina kibonye kimoja tu, ilhali kwenye gitaa la kawaida sauti ya uzi mwembamba kabisa, ukipigwa bila kubanwa, hupatikana pia kwenye uzi wa pili katika nafasi ya 5 (nafasi ni sehemu iliyo kati ya vyuma viwili kwenye shingo ya gitaa), na kwenye uzi wa tatu katika nafasi ya 9. Asikimbilie nyimbo, aitafute kwanza sauti hiyo kila ilipo, aipige polepole na asikilize inavyobadilika kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Ncha za vidole zikiuma, na mwanzoni huuma kweli, afupishe zoezi badala ya kuliacha.

Anayehamia klarineti ya B flati, ala ya kupulizwa, azoee jambo jingine: nota iliyoandikwa C hutoa sauti ya B flati, yaani ya chini kidogo kuliko C ya piano, hivyo akipiga pamoja na piano lazima asome karatasi iliyoandaliwa kwa ala yake.

Ala ya kwanza isitelekezwe. Kwa maoni yangu, ni bora kuanza na ile mpya akili ikiwa bado haijachoka, kisha kumalizia na ile iliyozoeleka.